Je, wajua kwa nini rangi za simu hubadilika zikirushwa kwenye TV?

Piga picha ya leso nyekundu kwa simu, kisha uirushe kwenye TV ya sebuleni. Kwenye simu, mji na pindo viko sawa na jina lasomeka herufi kwa herufi. Kwenye TV, wekundu umeelekea waridi, weusi umepauka, na kingo za maandishi zimechuja kama leso iliyofuliwa mara ya kwanza.

Mara nyingi simu ni nzima na TV nayo ni nzima. Kinachosafiri baina yao ni nambari, na matata huanza pale simu inapoziandika kwa kanuni moja na TV ikazisoma kwa kanuni nyingine. Uzuri ni kwamba kila kutoelewana huacha rangi yake, kwa hiyo mtu anaweza kujua pa kugusa kabla hajatoa hela kwa fundi.

Anza na menyu ya TV

Rangi zikiharibika, bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti. Menyu huchorwa na TV yenyewe, haitoki kwenye simu. Ikiwa nayo ina rangi mbovu, tuseme nyeupe yake ni ya buluu au zambarau, usihangaike na simu wala waya. Katika TV nyingi za LED hiyo ni dalili kwamba taa za nyuma zimechoka. Taa hizo kwa asili hutoa mwanga wa buluu, zikapakwa fosfori ya manjano, yaani unga unaogeuza rangi ya mwanga, ili mwanga utoke mweupe. Fosfori ikiharibika kwa joto, buluu ndiyo inayobaki. Hapo fundi lazima abadilishe vipande vya taa, na baadaye usiiache TV kwenye mwangaza wa juu kabisa kutwa kucha.

Menyu ikiwa safi na picha iliyo nyuma yake mbovu, kosa liko kwenye mawimbi yanayoingia au kwenye mipangilio ya picha. Picha nzuri ya kupimia ni bendera ya Kenya: ina nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Ifungue ijae skrini ya simu, kisha uitazame kwenye TV rangi moja moja.

Weusi uliopauka na weusi uliomeza kila kitu

Hili ndilo kosa linalotokea sana, na ndilo watu wasilolijua. Simu huhesabu mwangaza kuanzia 0, weusi kabisa, hadi 255, weupe kabisa. Televisheni zilirithi desturi nyingine kutoka kwenye utangazaji: weusi ni 16, weupe ni 235. Simu ikituma kwa hesabu ya televisheni huku TV ikisubiri ile ya 0 hadi 255, 16 husomwa kuwa kijivu na 235 husomwa kuwa nyeupe chafu. Picha nzima huonekana imetandwa na ukungu. Ikiwa kinyume, kila kilicho chini ya 16 humezwa na weusi na kila kilicho juu ya 235 huwa weupe mtupu. Buibui hugeuka kivuli kisicho na mikunjo, na kanzu nyeupe hupoteza darizi zake za shingoni.

Ukitumia waya wa HDMI, dawa iko kwenye mipangilio ya picha ya TV. Kwenye Samsung tafuta "HDMI Black Level", kwenye LG "Black Level". Picha ikiwa na ukungu, chagua "Low". Ikiwa weusi umemeza kila kitu, chagua "Normal" kwenye Samsung au "High" kwenye LG. Sehemu hiyo ikiwa imefifia na haibonyezeki, ni kwa sababu TV haipokei mawimbi ya aina inayohitaji marekebisho hayo. Hali hii ni ya kawaida unaporusha bila waya. Hapo utatumia mwangaza na kontrasti tu: ya kwanza hurekebisha weusi, ya pili hurekebisha weupe. Usianze na kitelezi cha rangi. Wengi hukivuta juu picha ikipauka, wakaishia na nyuso za machungwa na weusi uleule wa kijivu.

Maandishi yaliyochuja ni habari nyingine. Miracast, AirPlay na Chromecast, njia za kurusha bila waya, zote huigeuza skrini ya simu kuwa video iliyobanwa ndipo ziirushe. Katika kubana, kila nukta, yaani chembe moja ya picha, hupewa nambari ya mwangaza, lakini nukta nne za mraba mmoja hugawana jozi moja tu ya nambari za rangi. Nambari 12, tatu kwa kila nukta, hupungua kuwa 6. Jicho la mwanadamu huona undani wa mwangaza vizuri kuliko undani wa rangi, hivyo sinema au mechi haitaonyesha kasoro. Jina jembamba jekundu juu ya leso nyeusi litaonyesha. Hakuna mpangilio utakaoliponya hilo bila waya. Kwa waya, badilisha jina la tundu la HDMI liwe "PC" kwenye Samsung au LG, na TV itaacha kuzichanganya rangi za nukta jirani.

Kijani kitupu

Skrini ikiwa kijani kilichokolea, yote au mabaka mabaka, TV imepokea sifuri. Katika hesabu ya video, kukosa rangi hakuandikwi 0, huandikwa 128. Data isipofika na mahali pake pakajaa sifuri, hesabu ya kuzigeuza kuwa nyekundu, kijani na buluu hutoa takriban 0, 135, 0. Ndiyo maana huwa kijani, wala si nyeusi kama mtu angetarajia.

Katisha kurusha, zima simu, na uichomoe TV ukutani kwa dakika moja. Kuizima kwa rimoti hakutoshi. Mabaka yakija na kuondoka, mtandao wa Wi-Fi ndio dhaifu. Tumia 5 GHz badala ya 2.4 GHz na ukae chumba kimoja na TV, kwani 5 GHz hupenya ukuta kwa shida, na kuta nene za mawe ya matumbawe za nyumba za Mji wa Kale huidhoofisha zaidi. Kwa YouTube, bonyeza alama ya kurusha iliyo ndani ya programu yenyewe badala ya kuakisi skrini nzima: TV itaichukua video moja kwa moja kutoka intaneti, na simu itabaki rimoti.

Kwenye simu kuna mambo machache ya kukagua. Zima kichujio cha mwanga wa buluu, maana katika simu nyingine umanjano wake hufika hadi kwenye TV. Picha ikiwa kama negativu ya filamu, kuna aliyewasha ugeuzaji rangi kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility). Na kama video iliyorekodiwa kwa HDR, mfumo wenye upana mkubwa zaidi wa mwangaza, yapauka kwenye TV isiyo na HDR, zima HDR kwenye kamera kabla ya shughuli. Ikisharekodiwa, kuirekebisha ni kazi ndefu.

Waya, chumvi na TV za zamani

Kabla ya kununua adapta ya Type-C kwenda HDMI, hakikisha simu yako hutoa picha kupitia tundu hilo. Simu nyingi za bei nafuu hazitoi, na hakuna adapta ya kawaida itakayozilazimisha.

Ndani ya HDMI kuna jozi tatu za nyaya za picha. Rangi zikitumwa kama nyekundu, kijani na buluu, kila moja huwa na jozi yake. Jozi ya nyekundu ikilegea, picha huelekea samawati ya kijani. Ya kijani ikilegea, huelekea zambarau. Ya buluu hubeba pia ishara za mpangilio wa picha, kwa hiyo ikikatika, kwa kawaida hutaona picha kabisa. Pwani, hewa ya chumvi na unyevu hula ncha za shaba mapema, hasa waya wa bei rahisi. Zima vyote, chomoa, na upanguse ncha kwa spiriti ya isopropili ya 90% au zaidi kwenye kijiti cha pamba. Subiri dakika kumi ndipo uchomeke. Usikwangue kwa pini.

TV ya kizamani yenye matundu mekundu, meupe na manjano huhitaji kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV. Picha ikitokea nyeusi na nyeupe, tazama ubavuni mwa kisanduku: vingi vina swichi ya PAL na NTSC, mifumo miwili ya zamani ya kubeba rangi. Enzi za matangazo ya analogi Kenya ilitumia PAL, ambayo hubeba rangi kwenye 4.43 MHz; NTSC hutumia 3.58 MHz, na TV isiyoijua huonyesha mwangaza tu. Swichi ikiwa tayari PAL na rangi bado hazipo, angalia kama plagi ya manjano imechomekwa kwenye tundu la kijani. Katika TV nyingi tundu hilo hutumika kwa njia mbili, na lazima uchague AV kwenye orodha ya viingilio ndipo rangi zirudi.