Kitabu kinaidai nini filamu?

Mitihani ya kidato cha sita ikikaribia, hawakosekani vijana hapa Mtwara wa kunitafuta na swali moja: "Mwalimu, tukiitazama filamu ya Vuta N'kuvute, kitabu si tunaweza kukiacha?" Hapana, kisomeni. Mtahini hatawauliza kamera ilikaa wapi. Lakini nyuma ya swali hilo kuna dhana ninayokutana nayo hata kwa watu wazima, wakiwemo watayarishaji wanaotoa fedha zao: kwamba filamu nzuri ya kitabu ni nakala ya kitabu, na kila kilichokatwa kimeibwa. Mimi naandika na kuhariri skripti. Kukata ndiyo kazi yangu, kwa hiyo ngoja nieleze nakata nini na kisu kinaishia wapi.

Kwanza hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Filamu ya saa moja na nusu ni kama kurasa 90, na sehemu kubwa ya kila ukurasa ni nafasi tupu. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi, ina zaidi ya kurasa 200 zilizojaa maandishi. Kule Marekani mwongozaji Erich von Stroheim aliwahi kuikaidi hesabu hii: aliichukua riwaya ya Frank Norris akaipiga picha karibu yote, na toleo lake la kwanza lilifika takribani saa nane. Filamu hiyo, Greed, ilitoka mwaka 1924 ikiwa imekatwa na kampuni hadi saa mbili na ushee. Vipande vilivyoondolewa havijaonekana tena.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalifikirii. Mwandishi wa riwaya anaweza kusema kwa sentensi moja kwamba mama fulani alikwenda sokoni kila alfajiri kwa miaka mitano akimkwepa jirani anayemdai. Kamera haijui "kila alfajiri". Inaona alfajiri moja tu, mama mmoja, kanga moja. Inabidi nichague siku moja ibebe miaka yote mitano, na mara nyingi siku hiyo kitabuni haimo, naitunga. Aliyesoma kitabu ataniambia nimezusha. Sawa, nimezusha, maana sina njia nyingine ya kuifikisha sentensi ile kwenye skrini.

Turudi kwenye Vuta N'kuvute, kwa mhusika wake mkuu, Yasmin. Katika riwaya, iliyotoka mwaka 1999, msichana huyu anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mtu mzima anayeweza kumzaa. Anapelekwa Mombasa, anatoroka kurudi Unguja, kwao wanamfungia mlango, anapokewa na rafiki yake Mwajuma, na ndipo Denge, kijana mpigania uhuru, anapoingia maishani mwake. Filamu ya Amil Shivji, aliyoiandika pamoja na Jenna Bass na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, haina subira hiyo. Inawakutanisha wawili hao usiku, binti akiwa njiani kwenda kuozwa. Mwanafunzi akiyaandika hayo kwenye karatasi ya mtihani, alama imepotea. Mimi sina ugomvi na Shivji kwa hilo. Nina swali moja tu, nami nawaachia mwende nalo mtakapoitazama: uhuru wa Yasmin bado una bei?

Kitabuni unayo, na bei yenyewe ni mlango wa kwao. Ukiondoa Mombasa, umeondoa mji. Ukiondoa ule mlango uliofungwa, ukabakiza mapenzi na taarabu, umeandika hadithi nyingine, hata kama mazungumzo yote yametoka kitabuni neno kwa neno. Huo ndio mpaka wangu. Nakata watu, nakata miji, naikunja miaka. Kile mhusika anacholipa kwa uamuzi wake sikigusi.

Na hapo ndipo shinikizo linapokuja. Aliyewahi kukaa kibanda umiza, yale mabanda ya mtaani ya kutazamia video, anaijua sheria ya mle ndani: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Watayarishaji wanaijua pia. Niliwahi kuletewa hadithi fupi ya kugeuza filamu, ya kijana wa Newala anayeuza kwa siri mikorosho ya urithi, na ndugu zake hawamsamehi mpaka anaingia kaburini. Mtayarishaji alitaka kila kitu kifanane na hadithi, mpaka rangi ya baiskeli. Alitaka kubadilisha jambo moja tu: mwishoni familia ipatane, pilau liliwe. Niliikataa kazi. Baiskeli wangeipaka rangi yoyote, nisingejali.

Wala msidhani watazamaji wetu hawawezi kuvumilia mabadiliko. Wengi tulikua na sauti ya Lufufu, aliyekuwa akitusimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akiwapa wahusika utani ambao katika maisha yao hawakuwahi kuutamka. Hatukulalamika. Mtu akifa kwenye filamu, kwa Lufufu naye alikufa.

Stephen King, mwandishi wa Marekani, alilalamika, tena kwa miaka. Riwaya yake The Shining ni ya mwaka 1977, na Stanley Kubrick akaitoa kama filamu mwaka 1980. Kosa ambalo King analitaja ni kwamba kitabuni baba ni mtu mwema anayeporomoka hatua kwa hatua, wakati kwenye filamu anaonekana ameshachanganyikiwa tangu mwanzo. Malalamiko yake yana haki: mtu asiyekuwa na wema wa kupoteza hana anacholipa. Hata hivyo mwaka 1997 lilipotoka toleo la televisheni aliloliandika King mwenyewe, likikifuata kitabu kwa karibu, halikuifunika ile ya Kubrick. Uaminifu peke yake haupigi picha.

Kisheria mambo ni mafupi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka uombe idhini kabla ya kugeuza kitabu kuwa filamu, na inampa mwandishi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Haikuhesabii sini (vipande vya matukio) ulizokata.

Kitabu kinachoninyima usingizi ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Chimbuko lake liko jirani kabisa: Vita ya Maji Maji ilianza Julai 1905 kule Nandete, leo wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, watu walipong'oa pamba ya Wajerumani. Kinjikitile Ngwale mwenyewe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro mwezi uliofuata. Lakini Hussein aliandika wazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra zake. Kwa hiyo atakayetengeneza filamu ana wadai wawili, kitabu na wajukuu wa Wamatumbi walioianzisha vita hiyo, na hawadai kitu kimoja. Mzee wa Nandete hatauliza tamthilia imesemaje. Atauliza babu yake yuko wapi.

Hapo namkumbuka Ousmane Sembène wa Senegal. Riwaya yake fupi Le Mandat aliiandika kwa Kifaransa, halafu mwaka 1968 akaigeuza mwenyewe kuwa filamu, Mandabi, kwa Kiwolofu, ili ieleweke kwa watu inaowahusu. Mwandishi na mwongozaji ni yule yule, na bado lugha ya kitabu aliiacha.

Nikipewa Kinjeketile nitafanya vivyo hivyo. Sini ya mwisho gerezani sitaigusa, pale anapotakiwa aseme maji yalikuwa uongo naye anakataa, kwa kuwa anajua Mjerumani atakavyolitumia neno hilo kwa watoto watakaokuja. Lakini wazee watasema Kimatumbi, Kiswahili kikae chini ya skrini, na waigizaji nitawatafuta Kipatimu. Mtayarishaji niliyemgusia wazo hili aliniuliza ni nani Kariakoo atakayekaa kusoma maandishi saa moja na nusu. Nikamwambia ni hao hao wanaokesha na tamthilia za Kikorea.