Je, wajua kwa nini mwanamume anayeogopa kuachwa huwa mwepesi wa kuinua mkono?

Tuseme mama wa Birere, hapa Goma, amechelewa soko la Virunga. Mvua imemzuia, simu imezima. Anaporudi, bwana haulizi kama amelowa. Anauliza: «Ulikuwa na nani?»

Majirani watasema ni Primus. Pombe huchochea, kweli, lakini wangapi wanakunywa hiyohiyo na kurudi kulala?

Jibu moja lilianzia karibu nasi, Uganda. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea nyumba za vijiji vya karibu na Kampala akiangalia watoto wachanga na mama zao. Wengine walitambaa mbali wakicheza, wakijua mama yupo. Wengine walilia hata wakiwa mikononi mwake, kana kwamba wanaogopa kuachwa. Mwaka 1987, Cindy Hazan na Phillip Shaver wa Marekani walionyesha kwamba mienendo ya namna hiyo huonekana pia katika mapenzi ya watu wazima.

Mwanamume mwenye hofu hiyo ya kuachwa husoma kuchelewa kwa mke kama kuachwa. Anapiga ili asiachwe (ajabu, maana hakuna kinachomfukuza mwanamke haraka kuliko hicho), kisha anatafuta ruhusa: «alinichokoza», «nimetoa mahari». Si kwamba kila mwenye hofu hupiga. Wengi hawapigi kamwe. Ila moyo wa namna hiyo huishika ruhusa upesi, na ruhusa inatoka kwetu. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013-2014, wanawake wa Kongo walikubali kuliko wanaume kwamba mume anaweza kuwa na sababu ya kumpiga mkewe.

Yupo pia mwingine, asiye na hofu yoyote. Hana huruma, hasira zake ziko karibu, na hupigana hata nje ya nyumba. Ni kosa kuwahubiria wawili hawa mahubiri mamoja, na hilo ndilo tunalolifanya kila siku.

Huyo wa kwanza anaweza kusaidiwa na vikundi kama vya Living Peace vilivyoanza huku mashariki: wanaume wanaketi pamoja, wanaanza na majeraha yao wenyewe ya vita na ya utotoni, ndipo wanafika kwa yale wanayoyatenda nyumbani. Kwa huyo wa pili kikao peke yake hakitoshi. Anahitaji kuiogopa mahakama, na mke wake anahitaji mahali pa kukimbilia kabla kikao hakijaanza.