Je, wajua kwa nini kijana mwenye miguu imara huyumba akifumba macho?

Mwambie mcheza mpira mwenye mapaja yaliyojaa avue viatu, asimame kwa mguu mmoja, kisha afumbe macho. Tazama kifundo chake: kano zinaanza kurukaruka, vidole vinang'ang'ania sakafu, na mara nyingi haupiti muda mguu wa pili unarudi chini.

Wengi wakiona hivyo humshauri akanyanyue vyuma, eti miguu haina nguvu. Ushauri huo umeenea hadi kwenye gym, nao unakosea mahali pa msingi. Misuli iliyombeba macho yakiwa wazi ndiyo hiyohiyo, na uzito wake haujaongezeka hata gramu moja. Alichopoteza ni taarifa. Wengine husema usawa wa mwili uko sikioni. Wana sehemu ya ukweli, kwani sikio la ndani lina mifereji mitatu yenye umajimaji inayohisi kichwa kinapogeuka, na chembe za chokaa zinazosaidia kuhisi kimeinamia wapi. Lakini masikio ya kijana wetu hayakuguswa, na bado ameyumba.

Ubongo ni kama mzee wa baraza mwenye mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo. Hawapi wote uzito sawa. Kwenye sakafu ngumu, nyayo husikilizwa sana. Panda juu ya godoro, shahidi huyo anaanza kubabaika, na mzee anayageukia macho. Fumba macho hapohapo juu ya godoro, na kesi nzima inaliangukia sikio. Daktari Moritz Romberg wa Berlin aliliona jambo hili katika karne ya 19: wagonjwa waliopoteza hisia za miguu walisimama vizuri wakiona, wakayumba mara walipofumba macho. Madaktari hupima hivyo mpaka leo.

Basi mazoezi ya usawa hubadilisha nini kwa kijana mzima? Zaidi ya yote, mishipa ya fahamu. Watafiti wamepima mwitikio wa haraka wa msuli wa shavu la mguu, ule unaopitia uti wa mgongo, wakakuta baada ya wiki kadhaa za mazoezi unapungua mtu anapojisawazisha. Inaelekea mwili hujifunza kutoshtukia kila mtikisiko mdogo, ingawa vipimo hivyo si vya moja kwa moja.

La kushangaza zaidi ni kwamba ujuzi huu hauhami kirahisi. Aliyezoea ubao unaoyumba huumudu ubao huo. Mpeleke kwenye kamba iliyokazwa kati ya nguzo mbili, ataanza karibu upya. Kwa hiyo ni vyema kubadilisha: sakafu, godoro lililokunjwa, kudaka mpira kwa mguu mmoja, kisha kufumba macho ukiwa karibu na ukuta.

Uchambuzi wa tafiti za vijana wenye afya uliotoka 2015 ulipendekeza wiki 11 hadi 12, dakika 11 hadi 15 kila kipindi. Tarakimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari, maana zimekusanywa kutoka tafiti zilizofanywa kwa namna tofauti. Ushahidi ulio imara zaidi uko kwa wanamichezo waliowahi kuteguka kifundo cha mguu: wakifanya mazoezi haya, hupunguza uwezekano wa kuteguka tena.