Jua la Monet pale Le Havre: yanayosemwa na yaliyotokea

Claude Monet aliuchora mchoro wake Impression, soleil levant, yaani jua likichomoza, katika mji wa bandari wa Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa. Ni mdogo, sentimita 48 kwa 63 tu. Umesimuliwa mno, na mengi yanayosimuliwa yamepinda.

Dhana: Uliitikisa Paris siku ya kwanza, na tangu hapo thamani yake ikawa ya kupanda tu.

Ukweli: Ulioneshwa Aprili 1874, katika maonesho ya Monet na wasanii wenzake jijini Paris, kwenye studio ya zamani ya mpigapicha Nadar. Mhakiki Louis Leroy alilichukua neno la kwanza la jina la mchoro, Impression (yaani taswira ya harakaharaka), akalifanyia mzaha na kuwabandika wasanii wale wote jina la Impressionists. Kilichovuma ni neno hilo. Mchoro wenyewe wahakiki wengi waliupita bila hata kuutaja. Mwaka huohuo Ernest Hoschedé, mfanyabiashara wa vitambaa, aliununua kwa faranga 800. Kisha akafilisika. Juni 1878 mali yake ikapigwa mnada, na mchoro huo ukaondoka kwa faranga 210, karibu robo ya bei aliyotoa yeye. (Alice, mke wa Hoschedé, ndiye aliyekuja kuolewa na Monet mwaka 1892, baada ya mumewe kufariki.)

Aliyeupata mnadani anastahili kujulikana zaidi kuliko anavyojulikana. Georges de Bellio alikuwa daktari kutoka Romania aliyeishi Paris. Aliwatibu wasanii hawa na kununua kazi zao walipokuwa hawana hata kodi ya nyumba, tena wakati ambapo wanunuzi wengine walikuwa wakizikwepa. Alikaa na mchoro huo hadi alipofariki mwaka 1894. Binti yake Victorine akaurithi, na mwaka 1940 yeye na mumewe, Eugène Donop de Monchy, wakautoa kwa makumbusho ya Marmottan jijini Paris. Zaidi ya miaka 60 ulikuwa mali ya familia moja. Sifa kubwa tunazoujua nazo leo ulizipata baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 20. Kwangu mimi, bila uaminifu wa familia hiyo kusingekuwa na sifa za kuzungumzia.

Dhana: Ni jua linalozama.

Ukweli: Kosa hili ni la zamani, kuna wakati hata kwenye orodha ya michoro uliandikwa kuwa machweo. Ila Monet alichora akiwa kwenye dirisha la hoteli lililotazama kusini mashariki, juu ya bandari, na upande huo jua halizami. Mtaalamu wa nyota Donald Olson wa Marekani alilifuatilia jambo hili kwa makini. Alipima mahali jua lilipo, akaangalia taarifa za hali ya hewa na nyakati za maji kujaa, kwa sababu merikebu kubwa zinazoonekana kwenye ukungu zilihitaji maji yaliyojaa ili zipite. Hesabu yake iliangukia 13 Novemba 1872, kama saa 1:35 asubuhi, kuwa tarehe inayoelekea zaidi kuwa ndiyo.

Dhana: Uliibwa usiku na mwizi stadi aliyenyata.

Ukweli: Ulikuwa mchana kweupe. Jumapili, 27 Oktoba 1985, makumbusho yakiwa wazi na wageni wamo ndani, watu wenye bunduki waliingia na kuondoka na michoro 9, huu ukiwemo. Polisi waliipata Porto-Vecchio, kisiwani Corsica, Desemba 1990, na mwaka uliofuata mchoro ukarudi ukutani.

Wengine huufuata Louvre au Orsay, makumbusho makubwa ya serikali jijini Paris, wakiamini ni mali ya serikali. Haupo huko. Makumbusho ya Marmottan yako chini ya Académie des Beaux-Arts, taasisi ya sanaa ya Ufaransa, ambayo Paul Marmottan aliiachia nyumba yake kwa wosia mwaka 1932.