Chanjo ipi ya korona ni bora? Swali zuri, ila wengi tunaliuliza vibaya

Tangu chanjo za korona zianze kutolewa mwishoni mwa 2020 swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: ipi ndo nzuri? Mtu anafika kwenye dawati la chanjo, keshakunja mkono wa shati, alafu anauliza "hii ni Pfizer au ile nyingine?" akiambiwa ni ile nyingine anashusha shati lake anasema atarudi, na wengi hawarudi. Sisi tunaoelimisha watu kuhusu chanjo tunawakuta kila siku, na kwenye ripoti wanaandikwa kama "waliokataa chanjo", lakini ukikaa nao ukawasikiliza unakuta hawajakataa kitu, wanasubiri ile bora, na hiyo bora wameijulia kwenye picha iliyosambaa kwenye simu ikiwa na asilimia za kinga ya kila chanjo zimepangwa kutoka juu kwenda chini, 95, 94, 79, 66, 51, basi mtu anaona mwenye 51 kaonewa.

Ngoja tuzifungue hizo namba maana shida imeanzia hapo.

Chukua Pfizer. Jaribio lake kubwa la 2020 lilikuwa na watu zaidi ya 43,000, nusu wakachomwa chanjo na nusu wakachomwa maji ya chumvi, na mtu hakuambiwa kapata ipi, wakaachwa waende zao waendelee na maisha. Ikaanza kuhesabiwa, kuanzia siku 7 baada ya dozi ya pili nani kaumwa korona. Wakapatikana 170. Kati yao 162 walikuwa wa maji ya chumvi na 8 tu ndo waliochanjwa, hapo ndo ilipotoka 95. Sasa watu wengi wanaisoma kama vile kwenye kila watu 100 waliochanjwa watano wataugua, hapana, hao 8 wametoka kwenye kundi la watu zaidi ya 18,000. Maana yake ni kwamba hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 95 ukiwalinganisha na wenzao ambao hawakuchanjwa, muda ule ule na kirusi kile kile. Moderna nao walikuwa na watu kama 30,000, wagonjwa 196, 185 upande wa wasiochanjwa na 11 upande wa chanjo, ikaja asilimia 94.

Njoo sasa kwenye Johnson & Johnson, hii ni dozi moja tu, na jaribio lake lilifanyika Marekani, Amerika Kusini na Afrika Kusini mpaka Januari 2021, wakati ambao Afrika Kusini tayari kuna kirusi cha Beta ambacho kilikuwa kinaikwepa kinga vizuri tu. Halafu wao walihesabu ugonjwa wa kati na mkali. Wakapata 66, lakini kwa ugonjwa mkali peke yake ikawa 85. Kwahiyo unapoweka 95 ya huyu na 66 ya yule kwenye mstari mmoja unalinganisha alama za watoto wawili waliofanya mitihani tofauti, mmoja kafanya kabla mtihani haujawa mgumu.

Na kama bado huamini, angalia Sinovac. Brazil waliijaribu kwa wahudumu wa afya, watu wanaoshinda na wagonjwa kutwa, na wakahesabu mpaka aliyepata dalili ndogo sana, ikatoka karibu 51. Chanjo hiyo hiyo Uturuki ikatoka 83. Chupa ni ile ile na dawa ni ile ile! Kilichobadilika ni nani amechomwa, anakutana na kirusi mara ngapi kwa siku, na wanaohesabu wameamua kuita kitu gani ugonjwa. Kwahiyo kabla hujauliza asilimia ngapi, uliza kwanza asilimia ya nini, maana kuzuia mafua na kuzuia mtu asiwekwe kwenye oksijeni ni vitu viwili tofauti kabisa, na hicho cha pili ndicho kilichokuwa kinaua watu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipoweka asilimia 50 kuwa kiwango cha chini cha kuikubali chanjo halikuweka kwa huruma, ni kwamba hata nusu ya hatari ikiondoka kwa mamilioni ya watu, hospitali zinapumua.

Kuhusu zilivyotengenezwa nitapita haraka. Pfizer na Moderna ni za mRNA, zinaipa seli maelekezo ya kutengeneza kipande cha protini ile ya miiba ya kirusi, mwili unakiona unajifunza kupambana nacho, na hayo maelekezo yanavunjwavunjwa mwilini baada ya muda mfupi na hayaingii kwenye kiini cha seli ambako DNA yako inakaa. AstraZeneca na Johnson & Johnson zinatumia kirusi kingine kisicho na madhara kubeba maelekezo ya aina hiyo. Sinopharm na Sinovac ni njia ya zamani tunayoijua miaka mingi, kirusi chenyewe kinauawa halafu unachomwa mabaki yake. Novavax inakupa ile protini moja kwa moja. Mwanzoni tofauti iliyosumbua sana nchi nyingi wala haikuwa asilimia, ilikuwa friza: Pfizer ilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, wakati AstraZeneca na Johnson & Johnson zilikaa kwenye friji la kawaida, nyuzi 2 mpaka 8. Chanjo ya asilimia 95 iliyoharibika njiani haimsaidii mtu yeyote.

Lakini nisieleweke kwamba zote ni sawa, hapana, zipo tofauti za kweli na lazima zisemwe waziwazi. AstraZeneca na Johnson & Johnson zilihusishwa na tatizo la damu kuganda huku chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia kidonda kufunga) zikishuka, ni nadra sana, kwa takwimu za Uingereza ilikuwa kama watu 15 katika kila milioni moja ya dozi za kwanza za AstraZeneca, na ilionekana zaidi kwa wenye umri mdogo, ndiyo maana nchi kadhaa zikaamua vijana wapewe nyingine. Hizi za mRNA zina shida ya uvimbe wa misuli ya moyo, nayo nadra, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, na wengi wao wanapona. Sinopharm na Sinovac kinga yake kwa wazee ilikuwa dhaifu zaidi, mpaka Oktoba 2021 wataalamu wanaoishauri WHO wakasema mwenye miaka 60 kwenda juu aliyechanjwa hizo aongezwe dozi ya tatu. Sasa ukiangalia vizuri, hapo ndo swali la "ipi nzuri" linapata jibu la maana, kwa sababu linaanza na wewe: una miaka mingapi, una ugonjwa gani, una mimba, na kirusi gani kinazunguka saa hizi.

Mimi binafsi naamini taasisi inayoficha madhara nadra ili "watu wasiogope" inajichimbia kaburi. Watu watayasikia tu, tena yakiwa yameongezewa chumvi, na siku hiyo hawatakuamini hata ukisema ukweli.

Tukija kwenye misimamo ya watu, mwaka 2019, yaani kabla hata korona haijaingia, WHO walishaiweka hali ya watu kusitasita kuchanjwa kwenye orodha ya vitisho kumi vya afya duniani. Wataalamu wanasema inatokana na mambo matatu: mtu haamini chanjo au wanaoileta, mtu haoni kama ugonjwa wenyewe ni tishio kwake, au chanjo iko mbali, foleni ndefu, hana muda. Hilo la tatu tunalisahau sana, tunamlaumu mtu ana imani potofu kumbe alienda mara mbili akaambiwa chanjo imeisha.

Hoja ninayoisikia zaidi ni "zimetengenezwa haraka mno". Ni hoja halali, mtu mwenye akili lazima ajiulize. Jibu ni kwamba haraka ilikuwa kwenye mwisho wa safari. Wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha utafiti wao muhimu wa namna ya kuitumia mRNA bila mwili kuikataa mwaka 2005, miaka 15 kabla, na 2023 wakapewa Nobel. Ndugu wa kirusi hiki, SARS ya 2002 na MERS ya 2012, walishafanya wanasayansi waijue ile protini ya miiba. Januari 2020 ramani ya vinasaba vya kirusi ikawekwa wazi dunia nzima. Halafu kilichokula miaka kwenye chanjo nyingine mara nyingi ni kusubiri, kusubiri hela, kusubiri kibali, kusubiri wagonjwa wa kutosha wapatikane, na safari hii hela zilimwagwa, viwanda vikaanza kuzalisha kabla majibu hayajatoka, na wagonjwa, kwa bahati mbaya, walikuwa kila mahali. Hatua za majaribio ziliendeshwa kwa kupandana, haikuondolewa hata moja.

Ya pili ni kizazi. Mama mmoja alikuja na binti yake, akasimama katikati yake na muuguzi, akasema "huyu hajazaa, mkimchoma mtaniharibia". Muuguzi hakubishana, akaweka sindano chini akauliza, "mama, umesikia nini hasa?" Kumbe hakusikia habari za ugumba popote, kuna mtoto wa dada yake alichanjwa na mwezi ule hedhi ikachelewa, basi. Na hilo ni kweli linatokea! Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wanawake zimeona mzunguko unaweza kusogea, kwa wastani chini ya siku moja, kisha unarudi kawaida. Kuhusu kushika mimba, wanandoa waliokuwa wanatafuta mtoto walifuatiliwa, waliochanjwa na wasiochanjwa hawakutofautiana, isipokuwa kwa wanaume walioumwa korona yenyewe ndo uwezo ulishuka kwa muda mfupi. Muuguzi akayaeleza hayo kwa kirefu, binti akachanjwa. Angeanza na "hizo ni imani potofu mama" wangeondoka wote wawili.

Ya tatu, "nilichomwa nikaumwa siku mbili". Ndiyo, homa, mkono kuuma, uchovu, vinatokea na ni mwili unafanya kazi yake. Ila kuna jambo watu hawalijui, kwenye majaribio hata wale waliochomwa maji ya chumvi, zaidi ya thuluthi moja walisema wamepata vitu kama kichwa kuuma na uchovu baada ya dozi ya kwanza. Hawadanganyi, waliumwa kweli, hofu na matarajio vina nguvu mwilini, na siku yoyote ile ukiwauliza watu elfu moja kama wana uchovu utawapata wengi tu.

Na hii ya nne imewachanganya hata wasomi: "mbona wodini wamejaa waliochanjwa?" Tupige hesabu, huu ni mfano tu. Wazee 1,000, waliochanjwa 900, wasiochanjwa 100. Tuseme bila chanjo kila wazee 100, kumi wanalazwa, na chanjo inaondoa asilimia 80 ya hatari hiyo, kwahiyo wanabaki wawili kwa kila 100. Waliochanjwa watakaolazwa ni 18, wasiochanjwa ni 10. Mwandishi anaingia wodini anakuta vitanda 28, vitanda 18 ni vya waliochanjwa, anaandika kichwa cha habari. Hakuwaona wengine 72 ambao wangelala pale kama wale 900 wasingechanjwa, maana wako nyumbani kwao. Chanjo ina tabia hiyo, anayepona kwa sababu yake hajui kama alikuwa augue. Kwa makadirio yaliyochapishwa 2022, ndani ya mwaka mmoja wa kwanza chanjo za korona zilizuia vifo milioni 14 na zaidi, na ukihesabu vifo vyote vya ziada inafika karibu milioni 20.

Omicron, aina mpya ya kirusi hiki, ilipotokea Novemba 2021 kinga dhidi ya kuambukizwa ilishuka sana kwa chanjo zote, hili nalo lilivunja watu moyo, wakasema tulidanganywa. Kinga dhidi ya kulazwa na kufa ilibaki imara zaidi, hasa kwa walioongezwa dozi, ila ujumbe huo haukusambaa kama ule wa kwanza.

Sasa tuko wapi? WHO ilitangaza mwisho wa dharura ya dunia tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi kipo. Chanjo zimeboreshwa kufuata virusi vipya, AstraZeneca yenyewe iliondolewa sokoni 2024 na mtengenezaji kwa kuwa soko lilishahamia kwenye hizo mpya. Kijana mwenye afya aliyeshachanjwa hana haja ya kukimbizana na dozi kila mwaka, na hata WHO imewaweka chini kwenye kipaumbele. Wanaohitaji kuongezwa ni wazee, wenye kisukari, moyo, figo na magonjwa kama hayo, wenye kinga iliyoshuka wakiwemo baadhi ya wanaoishi na VVU, wahudumu wa afya, na mjamzito, ambaye anashauriwa dozi moja kwa kila mimba kwa sababu inamlinda yeye na inampa kinga mtoto atakayezaliwa. Kama mwanzo ulichomwa ya kampuni nyingine usijali, kuchanganya kulishachunguzwa na kwa baadhi ya chanjo kinga ilipanda zaidi. Ukifika pale mwambie mchanjaji mambo mawili: dawa unazotumia, na kama ulishawahi kuvimba uso au kubanwa pumzi baada ya sindano yoyote. Ukishachomwa kaa dakika 15 hapo hapo kituoni, na ndani ya siku chache zinazofuata ukisikia kifua kinauma au moyo unaenda mbio ukiwa umekaa tu, rudi hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie umechanjwa lini na chanjo gani.