Kabla ya kusema "ni umri tu"

Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, inapokaribia, sisi wa kliniki ya afya ya akili tunawakumbusha ndugu wa wagonjwa kuwa swali letu la kwanza ni: dalili zilianza lini? Wengi hufika na jina la ugonjwa tayari, lakini hawakumbuki mgonjwa alilala vizuri lini mara ya mwisho.

Ubongo haukomai kwa mkupuo. Sehemu ya mbele, inayodhibiti pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, huku zile za hisia zikiwa zimeshachangamka. Karibu nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 18. Kijana aliyejitenga na wenzake kwa wiki mbili, halali na hasomi, apimwe, msimwite mkaidi. Na bangi, hata ikiitwa mmea wa asili, huongeza hatari ya saikosisi (kusikia au kuamini visivyokuwepo), hasa inapovutwa kila siku katika umri huu.

Mama aliyejifungua akilia siku ya tatu au ya nne, mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili. Ila asipolala hata mtoto akilala, akaongea bila kukoma au kusikia sauti, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Wazee ndio tunaoletewa wakiwa wamechelewa zaidi. Demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyechanganyikiwa kwa saa chache au siku mbili, asubuhi anakutambua na jioni hakujui, huenda ana deliriamu, na hiyo ni dharura. Chanzo huweza kuwa maambukizi ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji, choo kilichofunga, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Hata baadhi ya vidonge vya mafua na mzio huvuruga ubongo wa mzee.

Kwa hiyo leteni dawa zenyewe, si majina yake: pakiti, chupa, mitishamba, vidonge vya usingizi alivyopewa na jirani. Andikeni siku dalili zilipoanza, saa alizolala kwa siku saba zilizopita, na alichokula. Mgonjwa aje na mtu anayeishi naye, si mwenye gari tu. Tutapima mkojo, na damu kwa ajili ya sukari, chumvi, upungufu wa damu, vitamini B12 na homoni za tezi ya shingo, maana tezi ikilegea mtu huonekana ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito). Vipimo vikiwa safi, haina maana kwamba anajifanya.

Dawa za sonona huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, na huendelea angalau miezi sita baada ya kupona. Ukizikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na mitetemo kichwani kama ya shoti ya umeme. Huo si uteja (uraibu), ingawa kila wiki kuna wanaotuambia kuwa ni uteja. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, na ratiba huipanga daktari aliyeziandika.