Furu wa Ziwa Victoria: babu mmoja, spishi mamia

Swali tunaloulizwa sana ni hili: kama viumbe wametokana na babu mmoja, ni lini mama alizaa mtoto wa spishi nyingine? Siku hiyo haipo. Kila furu, samaki mdogo wa ziwa hili, huzaa furu anayefanana naye. Kinachobadilika ni kundi, kizazi hadi kizazi, hasa pale sehemu zake mbili zinapoacha kuzaliana.

Ziwa Victoria liliwahi kukauka, likaanza kujaa tena miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Tangu hapo zimezuka humo spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500. Kwa mwendo wa mageuzi, hiyo ni kama jana tu.

Chukua spishi mbili zinazoishi kwenye miamba ya visiwa vya kusini mwa ziwa. Dume la Pundamilia pundamilia ni la buluu, na makazi yake ni maji ya juu. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, dume lake lina mgongo mwekundu na huishi chini zaidi. Majike yao yamefifia rangi. Hata mtaalamu hubabaika kuyatofautisha. Kadiri unavyozama, maji haya humeza mwanga wa buluu, mwekundu ukabaki. Macho ya nyererei yana jeni inayoona wekundu vizuri zaidi. Jike ndiye anayeatamia mayai mdomoni, na ndiye anayechagua dume: humfuata yule ambaye rangi yake inamwingia machoni. Hapakuhitajika mlima wala mto wa kuwatenga.

Maabarani, watafiti waliwasha taa ya rangi moja ya machungwa, madume yote yakaonekana sawa. Majike yakaacha kubagua. Na chotara wao huzaa bila shida, maana utengano wao bado ni mchanga.

Ziwani hali ni hiyo hiyo. Kisiwani Makobe, penye maji maangavu, spishi hizi mbili zimeachana kabisa. Kisiwani Luanso, ambako maji ni ya tope, utakuta kundi moja lenye rangi za katikati.

Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, analaumiwa kwa kuwamaliza furu, na kweli aliwala. Lakini udongo unaomomonyoka mashambani na mbolea inayostawisha mwani huyachafua maji, navyo vinapoteza spishi, hata pale ambapo samaki wenyewe wangali hai na wanazaliana.